Kabla ya kupaka rangi mpya ku baiskeli ya mzee, soma hii



Leo ninatoka kidogo ku shamba, lakini si mbali sana. Ninataka tuongee juu ya baiskeli, ile nzito ya chuma, ya magurudumu makubwa na freni za fito, yenye wazee wetu walinunua kwa pesa ya kahawa ao kwa mshahara wa ualimu. Na ndani ya hiyo baiskeli ninachagua kitu kimoja tu, kitu chenye watu wengi wanakitupa bila kujua bei yake: rangi yake ya kwanza, ile iliyotoka nayo kiwandani.

Mnajua vile inafanyikaka. Mzee amefariki ao amechoka, baiskeli inabaki ku ukuta wa jiko. Kijana anaiona, anasema hii imezeeka, imeingia kutu, inatia haya. Anaipeleka kwa mekanisie. Karatasi ya msasa saa mbili, kopo moja ya rangi ya mafuta, brosi, na jioni inarudi inang'aa buluu ao nyekundu. Watu wa avenyu wanasema: "Eh, imekuwa mpya!"

Haikukuwa mpya. Imepoteza vitu vitatu kwa siku moja, na hakuna pesa yenye kuvirudisha. Nitaeleza hivyo vitu vitatu, kiisha nitaonyesha namna ya kusafisha na kulinda rangi ya zamani kwa vitu vya hapa kwetu: ndimu, petroli ya taa, nta ya nyuki, na kipande cha shambreri.

1. Kwanza, tuijue hiyo baiskeli

Nyingi za zile za zamani zenye ziko bado huku zina majina ya Uingereza: Raleigh, Humber, BSA. Raleigh ilianza ku mji wa Nottingham miaka ya 1880, na mtu aliyeikuza anaitwa Frank Bowden. Mwaka 1932 Raleigh ilichukua baiskeli za Humber, na mwaka 1957 ikachukua zile za BSA. Ni kusema: mzee mwenye kujivuna na Humber yake na jirani yake mwenye kujivuna na Raleigh, wakati mwingine walikuwa wanabishana juu ya baiskeli mbili za kiwanda kimoja.

Nyuma yao zikaja za Uchina, Phoenix ya Shanghai na Flying Pigeon ya Tianjin, ambayo ilianza mwaka 1950. Na za Uhindi, kama Hero ya Ludhiana, iliyoanza mwaka 1956, na Avon. Ukiangalia vizuri, zote zina sura ya ndugu, sababu zilifuata muundo ule ule wa Kiingereza: kadre ya bomba za chuma zilizounganishwa kwa maungio, uzito karibu kilo 20, imara, si ya mashindano. Ni baiskeli ya kazi.

Rangi yao mara nyingi ni nyeusi, na juu ya ile nyeusi kuna mistari myembamba ya dhahabu na maandishi ya kubandika. Ile nyeusi si rangi ya kawaida, na hapo ndipo mambo ya kemia yanaanza.

2. Kitu cha kwanza chenye kupotea: ulinzi wa kweli

Mtu akiona rangi ya kiwanda anafikiri ni tabaka moja. Hapana, iko sawa vile udongo: ukichimba unakuta matabaka.

Chini kabisa kuna chuma chenyewe. Juu yake, ku baiskeli nzuri, kuna ngozi nyembamba sana ya fosfati. Raleigh walikuwa wanatangaza hiyo kazi katika katalogi zao kwa jina la Spra-Bonderizing: kadre inanyunyiziwa dawa ya fosfati mbele ya kupakwa rangi. Juu ya fosfati kunakuja rangi ya enameli, ambayo inaokwa ndani ya tanuru kwa joto lenye kupita digrii 100. Joto ndilo linaifanya iwe ngumu sawa vile kioo. Kiisha kunakuja mistari na maandishi, na mwisho vernisi yenye kufunika.

Wale wenye kusoma agronomia watatabasamu hapa. Tunajua udongo wetu mwekundu unavyofanya na fosfati. Unaweka mbolea, chuma ya ndani ya udongo inaikamata na kuishika kwa nguvu, na maharagi hayapati kitu. Ku shamba tunalia juu ya hiyo tabia. Ku kiwanda cha baiskeli, tabia ya namna ile ile ndiyo wanatafuta: fosfati inashikana na chuma, haiachi kirahisi, na rangi inapata fasi ya kujishika. Kitu chenye kuumiza maharagi ndicho kinaokoa baiskeli.

Sasa fikiri karatasi ya msasa inafanya nini. Inatoa vernisi, inatoa enameli, inatoa fosfati, inafika ku chuma kitupu. Hata ukiweka rangi nzuri ya duka kwa brosi, iko juu ya chuma kisichokuwa na ngozi, na haikuokwa. Mvua mbili tatu, jiwe moja dogo, maji yanaingia chini yake. Kutu inatembea kimya chini ya rangi, na wewe unaona tu siku rangi inaanza kuvimba na kubanduka sawa vile ngozi ya muhogo uliochemka.

Mtu atasema: "Lakini ile ya zamani nayo ina kutu." Ndiyo. Ina kutu ku fasi zenye ilikwaruzwa. Pembeni ya mkwaruzo, enameli ya miaka 50 ao 60 iko bado ngumu. Usichome nyumba nzima juu ya panya mmoja.

3. Kitu cha pili: rangi ya zamani haidanganyi

Hii ndiyo sababu kubwa kwangu, sababu inagusa maisha ya watu.

Ku barabara zetu baiskeli haibebi mtu tu. Inabeba makala, ndizi, bidoni za mafuta ya ngazi, mifuko ya muhogo, wakati mwingine zaidi ya kilo 100, na inashuka vilima vya Butembo na freni za fito zenye zimechoka. Kadre ikivunjika ku mteremko, mwenye kuishikilia anaanguka na mzigo unamfuata.

Mara nyingi chuma hakivunjiki bila kuonya. Mbele ya kuvunjika kinafanya ufa mdogo, mara nyingi pembeni ya maungio: chini ya kichwa cha mbele fasi ya gido, ku maungio ya chini fasi ya pedali, na nyuma fasi ya gurudumu. Enameli iliyookwa ni ngumu na haijui kuvutika. Chuma kikipasuka, nayo inapasuka pale pale. Maji yanaingia, na baada ya siku chache unaona mstari mwembamba wa kutu, kama uzi mwekundu. Huo uzi ni barua yenye chuma kimekuandikia.

Vile vile kama baiskeli iligonga ukuta ao gari kwa mbele. Angalia chini ya bomba mbili zenye kutoka ku kichwa. Ukiona rangi imejikunja, imefanya mikunjo midogo ao imepasuka kwa duara, jua bomba lilipinda, hata kama mtu alilinyoosha.

Rangi mpya ya brosi inafunika hiyo barua. Nzito, laini, inajaza ufa, inameza mikunjo. Ndiyo maana ku soko, baiskeli ya zamani yenye rangi mpya kabisa, mimi ninaiogopa kuliko ile yenye makovu. Ninauliza: inaficha nini? Wakati mwingine haifichi kitu, kijana alipenda tu nyekundu. Lakini wakati mwingine inaficha ufa, ao inaficha mwizi.

4. Kitu cha tatu: jina na ukoo

Ku baiskeli nyingi za namna hii kuna namba iliyogongwa ku chuma. Ku Raleigh na ndugu zake, itafute kwanza ku maungio ya chini ya kiti. Kama gurudumu la nyuma lina gia za ndani za Sturmey-Archer, angalia ku kitovu chake: mara nyingi waligonga mwaka, tarakimu mbili, 54 ao 61. Msasa na rangi nzito vinafuta ao vinajaza hizo namba.

Namba, mkwaruzo wa upande wa kushoto, maandishi yaliyobaki nusu, kiraka cha mzee: hizo ndizo zinakusaidia kusema "hii ni yangu" na watu wakuamini. Kwetu hiyo si maneno ya sherehe. Tangu Oktoba 2014, vijiji vingi vya eneo la Beni vimekimbia, vimerudi, vimekimbia tena. Tumeona baba anasukuma baiskeli yenye godoro, sufuria na mtoto juu. Tumeona pia zile zilizoachwa, zikakutwa ku mkono wa mtu mwingine miezi nyuma. Mwenye picha ya kadre, ya namba na ya makovu yake ana neno la kusema mbele ya chefu wa kijiji. Mwenye "ilikuwa nyeusi" hana.

Na kuna hili la ukoo. Familia nyingi zilipoteza picha, barua, vitambulisho. Baiskeli ikabaki. Fasi yenye rangi iliisha ku bomba la juu ni fasi yenye mguu wa babu ulikuwa unapita kila siku akipanda. Ukipaka juu yake, hakuna atakayekufunga, lakini umefuta mwandiko wake.

5. Nani anakula hiyo rangi?

Mbele ya dawa, tujue ugonjwa.

Maji. Chuma, maji na hewa vikikutana vinazaa kutu. Huku mvua inanyesha misimu miwili, na katikati ya misimu hakukauki kabisa. Kutu ni oksidi ya chuma, ndugu wa ile yenye kufanya udongo wetu uwe mwekundu.

Vumbi. Udongo wenyewe unapakaa vizuri, lakini ndani yake kuna punje za mchanga zenye ni ngumu kuliko rangi. Ukifuta vumbi kavu kwa kitambaa kikavu, unapiga msasa bila kujua. Kila asubuhi, kidogo kidogo.

Jua. Ekweta inapita karibu kabisa na Butembo, na mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Miali ya jua yenye kuharibu rangi ina nguvu hapa. Inakausha vernisi, inaifanya nyeupe sawa vile unga. Beni, karibu mita 1,100, joto na unyevu vinaongeza kazi.

Mafuta mabaya. Wengi wanapaka mafuta machafu ya injini "ili ing'ae". Inang'aa siku moja, kiisha inashika vumbi na inakuwa pasta ya kusaga. Mafuta ya ngazi nayo si dawa. Mnakumbuka somo la mafuta: kuna mafuta yenye kukauka na kufanya ngozi, kama ya kitani, namba yake ya iyodi inapita 170. Ya ngazi iko karibu 50 tu. Hayakauki hata siku moja, yanakaa pale, yanachacha na yanaita vumbi na wadudu.

Klori. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ilituokoa: 0.05% kwa mikono, 0.5% kwa vitu. Lakini kwa chuma klori ni adui. Kama leo unasafisha kitu na javeli, usitumie maji yale yale ku baiskeli, na kama yameruka, suuza na maji safi mara moja.

6. Kusafisha, hatua kwa hatua

Tafuta kivuli, siku isiyokuwa na mvua. Vitambaa vya pamba, vilivyozeeka na laini. Brosi ya meno ya zamani. Usilete chuma cha kusugulia sufuria, usilete majivu, usilete mchanga.

Hatua ya 1: Piga picha. Pande mbili, maandishi, namba, makovu. Mbele ya kugusa kitu.

Hatua ya 2: Maji kwanza. Mwaga maji mengi polepole toka juu, udongo ujishushe wenyewe bila kusuguliwa. Kiisha sabuni kidogo sana ndani ya maji, kitambaa kilicholowa, unapita kwa upole na unasuuza kitambaa kila mara. Usitumie unga mkali wa kufulia nguo, unakula vernisi na maandishi. Suuza, kausha.

Hatua ya 3: Jaribu maandishi. Lowesha kitambaa cheupe, gusa pembeni ya maandishi. Kama rangi ya dhahabu ao nyekundu inakuja ku kitambaa, simama. Hapo hakuna kusugua tena, ni kufuta vumbi kwa hewa na brosi laini tu. Dilia ya rangi na esansi havifiki karibu na maandishi kabisa: vinayayeyusha.

Hatua ya 4: Petroli ya taa kwa mafuta ya zamani. Ile pasta nyeusi fasi ya pedali na sheni, lowesha kwa petroli ya taa kidogo ku kitambaa, ngoja dakika tano, futa. Jaribu kwanza ku fasi isiyoonekana, chini ya kadre. Hakuna sigara, hakuna moto karibu. Utashangaa: mara nyingi chini ya ile pasta unakuta enameli yenye kung'aa kama siku ya kwanza, sababu jua na maji havikuifikia.

Hatua ya 5: Kutu. Hapa watu wanakosa subira. Kutu iko ya namna tatu. Ya kwanza ni doa jembamba, la rangi ya chai, juu ya rangi nzuri: hiyo inatoka. Ya pili ni fasi ndogo yenye rangi ilitoka na chuma kina kutu ya juu: hiyo inasimamishwa. Ya tatu ni mashimo, ao rangi iliyovimba: hapo chuma chenyewe kimeliwa, tutaongea chini.

Kwa mbili za kwanza, chukua ndimu. Maji ya ndimu yana asidi ya sitriki, karibu 5 ao 6 kwa 100. Hii asidi inakamata chuma ya ndani ya kutu na kuiondoa. Mizizi ya mimea mingi inafanya vile vile: inatoa sitriki ndani ya udongo ili kufungua fosfati yenye chuma imekamata. Lowesha kipande kidogo cha kitambaa, kiweke juu ya kutu tu, dakika 15. Angalia. Futa kwa upole na brosi ya meno. Rudia kama inaomba. Usiache usiku mzima, na usiweke juu ya mistari ya dhahabu.

Kuna asidi yenye nguvu zaidi, ya oksaliki. Wafugaji wa nyuki wa nchi nyingi wanaitumia juu ya kidudu cha varroa, na watu wenye kutunza baiskeli za zamani wanaipenda, sababu inatoa kutu na kuacha enameli. Lakini ni sumu. Haitakiwi kuguswa bila gants, haitakiwi kuvutwa unga wake, haitakiwi kukaa ndani ya chupa ya limonadi fasi watoto wanapita. Kwa kazi ya nyumbani ndimu inatosha. Na mtu asikudanganye kwamba majani ya kolokazi yatafanya kazi hiyo kwa kuwa yanawasha: ile oksalati yao yenye kuwasha imefungwa na kalsiyumu, haiyeyuki ndani ya maji, haitafanya kitu ku kutu.

Hatua ya 6: Zima asidi. Hii ndiyo inasahaulika. Suuza na maji mengi, kiisha pitisha maji yenye bikarbonati, kijiko kimoja ndani ya kikombe, kiisha maji safi tena. Kausha mara moja, kwa kitambaa na kwa jua la dakika chache. Chuma kitupu chenye kulowa kinaanza kutu mpya ndani ya saa moja.

Hatua ya 7: Kromu. Gido na vitu vingine vyenye kromu, chukua karatasi ya aliminiumu yenye kukunja sigara ao chakula, ilowesha na maji, sugua kwa upole. Aliminiumu ni laini kuliko kromu, inatoa kutu bila kukwaruza.

7. Kulinda

Ukimaliza, rangi itakuwa na fasi zake nyeusi nzuri na fasi zake za chuma. Acha hivyo. Kazi yetu si kuficha umri, ni kufunga mlango wa maji.

Nta ya nyuki ndiyo rafiki. Inayeyuka karibu digrii 62 mpaka 64, kwa hiyo jua letu haliiyeyushi ku kadre. Yeyusha sehemu moja ya nta ndani ya kopo lililosimama ku maji ya moto, usiweke moja kwa moja ku moto. Ondoa mbali na mbabula, kiisha changanya sehemu mbili ao tatu za terebentini. Ikipoa inakuwa laini sawa vile pomade. Paka nyembamba sana kwa kitambaa, ngoja nusu saa, piga na kitambaa kikavu mpaka kitambaa kiteleze. Fasi zenye chuma iko wazi, paka mara mbili. Rudia mwanzoni mwa kila msimu wa mvua.

Ndani ya bomba nako kuna kutu, na hiyo haionekani. Ukitoa kiti, mimina ndani mafuta safi ya mashini kidogo, pindua kadre huku na huku, acha yatoke. Angalia kama tundu la chini fasi ya pedali halikuzibwa na matope, sababu maji yanakaa hapo.

Kwa mzigo, kata shambreri ya zamani, funga ku bomba fasi zenye mifuko na kamba zinasugua. Lakini uifungue kila juma na kukausha chini yake, la sivyo itashika maji na kuwa nyumba ya kutu.

Na fasi ya kulala: ndani, mbali na moshi na mvuke wa jiko, mbali na mifuko ya mbolea na chumvi. Mbolea inavuta maji toka hewani, na chumvi zake zinaamsha kutu. Ninasema hivi juu ya sisi wenyewe wa agronomia, sababu depo zetu mara nyingi ndipo baiskeli inalala.

8. Wakati wa kupaka rangi kweli

Sisemi rangi mpya ni dhambi. Kama kadre imepasuka na fundi ameiunga kwa moto, enameli pale imeungua: ile fasi lazima ipakwe. Kama kuna mashimo ya kutu, bonyeza na ncha ya msumari. Kama chuma kinaingia, kadre hiyo imemaliza kazi ya mizigo, rangi ao hapana. Na kama tayari mtu aliisugua yote zamani, basi ipake vizuri, na antirui chini.

Lakini paka fasi yenye inaomba, si baiskeli nzima. Brosi ndogo, tone dogo, ndani ya mkwaruzo tu. Na mwambie mekanisie mapema, sababu yeye anafikiri unataka ing'ae. Nilisikia mzee moja ku Butembo akimwambia kijana wa garaji: "Mtoto wangu, fanya freni, fanya sheni, kaza rayoni. Ile nyeusi uiache." Kijana akauliza: "Baba, hata hapa penye imechubuka?" Mzee akajibu: "Hapo ndipo hasa. Nikiona kitu kimebadilika hapo, nitajua chuma imechoka."

Huyo mzee hakusoma kemia, lakini alielewa kwamba rangi ya zamani ni chombo cha kupima.

Kwa hiyo, mwenye baiskeli ya namna hii nyumbani, leo jioni fanya mambo matatu tu. Itoe ku moshi. Piga picha ya namba yake na umtumie ndugu moja mwenye kuaminika, simu yako ikipotea ibaki kwake. Kiisha pitisha kidole ku maungio yote ukitafuta ule uzi mwekundu. Ukiukuta, isibebe tena mzigo mpaka fundi aione. Usipoukuta, tafuta ndimu na nta, na umwachie mekanisie kazi ya freni.